Kupima mzigo wa joto kwa wanawake wanaovaa mavazi ya Kiislamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huletwa na wasimamizi wa usalama kazini, wanafunzi wanaoandaa utafiti, wauguzi na, zaidi ya wote, wanawake wenyewe wanaoshinda ndani ya buibui, jilbabu au abaya juani au jikoni. Nimeyapa namba ili jibu lililokwisha kutolewa lisirudiwe.

## Mambo ya mwanzo

1. Mzigo wa joto ni nini hasa?

Ni jumla ya joto linalomkabili mtu: la hewa, la jua, la mashine au jiko, na lile ambalo misuli yake mwenyewe inalitengeneza anapofanya kazi. Nguo zinaingia kwenye hesabu kwa sababu ndizo zinazoamua ni kiasi gani cha joto hilo kitapata njia ya kutoka.

Mwili ukianza kuhangaika kuutua mzigo huo, yaani moyo unakwenda mbio, jasho linachuruzika na joto la ndani linapanda, hapo tunazungumzia mkazo wa mwili. Mzigo hupimwa kwenye mazingira, mkazo hupimwa kwa mtu. Watu wawili chini ya jua moja wana mzigo unaokaribiana, lakini mkazo wao unaweza kupishana sana. Ukichanganya mambo haya mawili, ripoti nzima itakwenda mrama.

2. Kipimajoto cha ukutani kinasema nyuzi 32. Je, si inatosha?

Haitoshi. Kipimajoto hicho kinajua joto la hewa tu. Hakijui unyevu uliomo hewani, wala jua linalochoma, wala upepo, wala kama mwanamke anayepita mbele yake ana tabaka moja la nguo au matatu. Na katika joto kali unyevu una sauti kubwa kuliko nyuzi, kwa sababu kinga kuu ya mwili ni jasho linalokauka. Hewa ikishajaa mvuke, jasho linadondoka chini bila kupoza chochote.

3. Nguo inazuia joto kwa njia gani?

Kwa njia mbili, na watu wengi hukumbuka moja tu. Ya kwanza ni kuhifadhi joto, kama blanketi. Kipimo chake huitwa klo, na klo 1 ni sawa na 0.155 m²K/W. Nguo nyepesi za kiangazi, za suruali na shati la mikono mifupi, huwa karibu klo 0.5. Ya pili ni kuzuia mvuke wa jasho usitoke. Hii ya pili ndiyo inayoumiza zaidi kwenye joto, na haionekani kwa macho: kitambaa chepesi cha poliesta iliyofumwa kwa kubana kinaweza kuzuia mvuke kuliko pamba nzito kidogo iliyofumwa kwa kulegea.

Kinachosahaulika kabisa ni hewa iliyo katikati ya tabaka na tabaka. Hewa iliyotulia huhifadhi joto kuliko uzi wenyewe. Ndiyo maana vazi pana linalopepea wakati wa kutembea si sawa na vazi hilo hilo kwa mwanamke aliyekaa kwenye cherehani saa sita. Anapotembea, vazi linapiga hewa kama mivukuto ya mhunzi, na hewa yenye joto inasukumwa nje kupitia shingoni na mikononi. Anapokaa, mivukuto imelala.

Mwaka 2008 watafiti wa Kuwait na Uingereza walichapisha vipimo vya mavazi ya Ghuba, ya kiume na ya kike, waliyoyavisha masanamu yenye joto la mwili. Kabla ya hapo majedwali mengi yalijaa mavazi ya Magharibi, na mpimaji alikuwa anakisia.

4. Kwa hiyo buibui jeusi ndilo linalopika watu?

Rangi nyeusi hufyonza miale ya jua zaidi, hilo halina ubishi. Lakini swali ni kama joto hilo linafika kwenye ngozi. Mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha utafiti maarufu kuhusu kanzu nyeusi za Mabedui jangwani. Kanzu nyeusi ilipata joto zaidi kwa nje kuliko nyeupe, lakini joto lililofika kwenye ngozi lilikuwa sawa, kwa kuwa hewa iliyopita chini ya vazi pana ililibeba lile la ziada kabla halijafika mwilini.

Utafiti huo hunukuliwa mno, na mara nyingi vibaya. Aliyepimwa ni mtu mmoja, mwanamume, amesimama, jangwani penye upepo na hewa kavu, vazi likiwa pana na chini yake hamna magauni mawili. Huwezi kuutumia kumwambia mwanamke aliyevaa buibui la poliesta juu ya dera, juu ya shimizi, katika unyevu wa asilimia 80, kwamba rangi haina neno. Wala huwezi kuutupa na kudai weusi ndio kila kitu. Kwa uzoefu wangu, idadi ya matabaka na aina ya kitambaa hubadilisha namba kuliko rangi, hasa ndani ya nyumba ambako jua halifiki.

## Kupima mazingira

5. WBGT ni nini, na inahesabiwaje?

Ni kifupi cha Kiingereza (Wet Bulb Globe Temperature, joto la balbu nyevu na tufe), kipimo kinachounganisha unyevu, mionzi, upepo na joto la hewa katika namba moja. Kilibuniwa miaka ya 1950 kwa ajili ya kambi za mafunzo za jeshi la Marekani, ambako vijana walikuwa wanaanguka kwa joto, na leo ndicho msingi wa kiwango cha kimataifa ISO 7243. Unahitaji vipimajoto vitatu: chenye balbu iliyovikwa utambi wenye maji, chenye tufe jeusi, na cha kawaida kilichokingwa jua.

Nje penye jua: 0.7 × balbu nyevu + 0.2 × tufe + 0.1 × hewa.
Ndani au kivulini: 0.7 × balbu nyevu + 0.3 × tufe.

Tuseme balbu nyevu inasoma 23, tufe 40 na hewa 32, nje juani. Hesabu ni 16.1 + 8 + 3.2, jumla 27.3. Kwa kazi ya wastani, mtu aliyezoea joto kikomo chake ni 28, na asiyezoea ni 26. Kwa kazi nyepesi vikomo ni 30 na 29, na kwa kazi nzito ni 26 na 23. Kwa hiyo aliyezoea, akifanya kazi ya wastani, bado yuko upande salama. Lakini soma swali la 6 kabla hujafunga daftari.

6. Naongeza kiasi gani kwa ajili ya hijabu na buibui?

Vikomo vya ISO 7243 vimejengwa juu ya mtu aliyevaa nguo za kawaida za kazi. Nguo ikiwa tofauti, unaongeza nyuzi kadhaa juu ya WBGT uliyoipima. Jedwali la toleo la 2017 linatoa nyuzi 3 kwa matabaka mawili ya kitambaa kilichofumwa, na nyuzi 1 zaidi kwa kofia ya kufunika kichwa na shingo.

Jedwali hilo halikuandikwa kwa ajili ya buibui, kwa hiyo mpimaji anafananisha. Mimi nafanya hivi: gauni moja la mikono mirefu na mtandio, naongeza 1. Buibui juu ya gauni kamili, pamoja na ushungi, naongeza 4. Katika mfano wa swali la 5, yule wa kwanza anafika 28.3 na wa pili 31.3. Wote wawili wamevuka kikomo ambacho kipimo tupu kilisema wako salama. Andika wazi kwenye ripoti kwamba nyongeza hiyo ni ya kufananisha, na eleza vazi lilivyokuwa: tabaka ngapi, kitambaa gani, limebana au limelegea. Neno «hijabu» peke yake kwenye ripoti halimwambii msomaji kitu.

7. Simu yangu inanionyesha «joto linavyohisiwa». Naweza kuitumia?

Kwa kupanga siku yako, ndiyo. Kwa kuamua kazi isimame au iendelee, hapana. Namba hizo zimetokana na mtu wa kufikirika anayetembea kivulini akiwa na nguo nyepesi, na hali ya hewa ni ya kituo kilichoko mbali na paa la bati ulilo chini yake.

8. Kifaa kiwekwe wapi?

Pale anapofanyia kazi mwanamke mwenyewe, si kwenye kivuli cha mpimaji. Joto lisipolingana toka juu hadi chini, kama mbele ya jiko, pima kwa anayesimama kwenye urefu wa mita 0.1, 1.1 na 1.7, kwa anayekaa, mita 0.1, 0.6 na 1.1. Kipimo cha katikati kinahesabiwa mara mbili, halafu jumla unaigawa kwa 4. Lipe tufe muda wa kutulia. Tufe la kawaida la milimita 150 huchukua dakika 20 au zaidi, na vipimo vingi vibovu nilivyowahi kuletewa viliharibiwa na haraka tu.

## Kupima mwili

9. Joto la ndani ya mwili lipimwe wapi?

Sahihi zaidi ni kwenye umio au kwenye njia ya haja kubwa. Maabara huvipenda, lakini nje ya maabara wanawake wengi watakataa, na wana haki. Njia inayoheshimu stara zaidi bila kupoteza usahihi ni kidonge cha kumeza chenye kipimajoto ndani, kinachotuma namba kwenye kifaa kilicho nje. Kimezwe saa kadhaa kabla ya kipimo, maana kikiwa bado tumboni maji baridi yatakidanganya. Hakimfai mwenye matatizo ya kumeza, mwenye historia ya utumbo kuziba, wala anayetarajiwa kupigwa picha ya sumaku (MRI).

Kipimo cha mdomoni kinafaa ikiwa hakunywa kitu kwa dakika 15 hivi na anaweza kufunga mdomo. Cha kwapani kisahau, kwa kuwa chini ya matabaka ya nguo kinapima nguo.

10. Na kile cha sikioni au cha paji la uso?

Cha paji hakifai kabisa kwa kazi hii. Paji lenye jasho husoma chini, paji lililopigwa na jua husoma juu. Cha sikioni ni afadhali kidogo, ila mtandio umeshikilia hewa ya moto kuzunguka sikio, na ukiufungua feni au upepo unalipoza. Kama huna kingine, pima sikio lile lile, muda ule ule baada ya kufungua, mara zote, na uitumie namba kulinganisha mtu na yeye mwenyewe. Usimlinganishe na mwenzake asiyevaa mtandio.

11. Mapigo ya moyo yanasema nini?

Mengi, na ni kipimo rahisi kuliko vyote. Mkanda wa kifuani unakaa chini ya nguo na mwanamke anaweza kujifunga mwenyewe. Kanuni inayotumika: mapigo yasikae kwa dakika kadhaa juu ya 180 ukitoa umri wake. Mwenye miaka 35 kikomo chake ni 145. Kanuni ya pili: dakika moja baada ya kuacha kazi, mapigo yawe yameshuka chini ya 120. Moyo unaokataa kutulia mtu anapopumzika unasema joto limebaki ndani. Saa za mkononi husoma vibaya mkono ukitikisika au ukilowa jasho.

12. Jasho linapimwaje, na kuna haja gani?

Kwa vazi la kufunika mwili mzima, hiki ndicho kipimo ninachokithamini kuliko vyote, kwa sababu kinaonyesha vazi linafanya nini. Kinahitaji mizani nzuri, inayosoma hadi gramu 20 au chini yake, na chumba cha faragha.

Mwanamke anajipima mara nne: bila nguo na akiwa na nguo kabla ya kazi, kisha akiwa na nguo na bila nguo (akishajifuta) baada ya kazi. Mpimaji anasimama nje ya mlango. Mwanamke anasoma namba, mpimaji anaandika.

Mfano. Bila nguo: kabla kilo 62.40, baada 61.70. Akiwa na nguo: kabla 63.60, baada 63.25. Katikati alikunywa maji gramu 250 na hakwenda haja. Jasho lote ni 0.70 + 0.25, yaani kilo 0.95. Lililokauka ni 0.35 + 0.25, yaani 0.60. Kilo 0.35 zilizobaki zimo kwenye kitambaa. Zaidi ya theluthi ya jasho lake limepotea bila kumpoza. Kilo moja ya jasho ikikaukia kwenye ngozi hubeba joto la takriban kilojuli 2,400. Ikikaukia upande wa nje wa buibui, sehemu ya joto hilo inachukuliwa kutoka hewani badala ya mwilini.

Ukirudia kipimo hicho kwa mwanamke yule yule, kazi ile ile, na buibui la kitambaa kingine, utapata jibu ambalo mabishano ya mtandaoni hayatakupa.

Uzito ukipungua kwa zaidi ya asilimia 1.5, maji aliyokunywa hayakutosha. Katika mfano huu ni asilimia 1.1.

13. Naweza kupima hali ya hewa chini ya nguo?

Ndiyo. Kuna vihisio vidogo kama kifungo cha koti vinavyorekodi joto na unyevu. Kimoja kifuani chini ya gauni, kingine kati ya gauni na buibui, kingine utosini chini ya ushungi. Unyevu wa kifuani ukifika karibu na asilimia 100 na kukaa hapo, mlango wa jasho umefungwa. Kwa joto la ngozi, fomula ya Ramanathan ya 1964 inatumia sehemu nne: 0.3 × (kifua + mkono) + 0.2 × (paja + muundi).

14. Nina joto la ndani na mapigo. Nayaunganishaje?

Kwa faharasa ya mkazo wa mwili ya Moran, ya mwaka 1998. Toa joto la mwanzo kwenye joto la sasa, zidisha kwa 5, gawa kwa (39.5 ukitoa joto la mwanzo). Fanya vivyo hivyo kwa mapigo, ila hapo unagawa kwa (180 ukitoa mapigo ya mwanzo). Jumlisha. Aliyeanza na 37.0 na mapigo 75, akafika 38.2 na 145, anapata 2.4 + 3.3, yaani 5.7. Kwenye ngazi ya 0 hadi 10, huo ni mkazo wa wastani. 7 kwenda juu ni mkubwa.

15. Sina vifaa. Dodoso linasaidia?

Linasaidia kuchuja wa kuwahiwa kwanza. Watafiti wa Isfahan, Iran, wamefanya kazi katika uwanja huu hasa, kwa dodoso na kwa majaribio ya wanawake wenye vazi la Kiislamu katika chumba cha joto. Uliza mambo yanayoshikika: nguo zililowa hadi wapi, kiu, kichwa kuuma, mkojo rangi gani, muda wa kupumzika. Ukiuliza «unahisi joto?» wengi watasema wamezoea.

## Stara na ridhaa

16. Nani apime, na vipi?

Mwanamke ampime mwanamke, au mwanamke ajipachikie vihisio mwenyewe kwa picha ya maelekezo. Mweleze kila kihisio kinakwenda wapi kabla hajakubali, siyo akiwa ameshasimama mbele yako. Na apimwe akiwa amevaa anavyovaa siku zote. Nimeona vipimo vikifanywa baada ya washiriki kuombwa «kupunguza kidogo» ili nyaya zipite. Matokeo yake yalihusu vazi ambalo hakuna anayelivaa.

## Hali za pekee

17. Hedhi, ujauzito na ukomo wa hedhi vinabadilisha vipimo?

Baada ya yai kupevuka, joto la ndani hupanda kwa nyuzi 0.3 hadi 0.5 hata akiwa amelala. Andika siku ya mzunguko, na ulinganishe siku zinazofanana. Mjamzito asiwekwe kwenye jaribio la kumpandisha joto: katika miezi ya mwanzo, joto la ndani la kupita nyuzi 39 linahusishwa na madhara kwa mtoto. Kwa aliye katika ukomo wa hedhi, wimbi la joto la ghafla linaweza kuonekana kama mkazo wa kazi. Mpe kitufe cha kubonyeza kila likija.

18. Akiwa amefunga Ramadhani?

Vikomo vya swali la 5 vinachukulia kwamba mtu anakunywa maji ya kutosha. Aliyefunga hayuko katika hali hiyo, kwa hiyo usimpeleke hadi ukingoni. Mimi humhesabu kama asiyezoea joto, hasa alasiri. Kidonge cha swali la 9 kimezwe kabla ya alfajiri, na kuhusu vihisio vya kuingizwa mwilini amuulize mwanachuoni anayemwamini kabla ya siku ya kipimo.

19. Na katika Hija?

Mwanamke katika ihramu hubaki na mavazi yake ya kawaida, ila bila nikabu na glavu, kwa hiyo nyongeza ya swali la 6 inabaki pale pale. Juni 2024 joto la hewa katika Msikiti Mtukufu wa Makka lilifika nyuzi 51.8, na mamlaka za Saudi Arabia zilitangaza vifo 1,301. Wengi wao walikuwa mahujaji wasio na vibali waliotembea mwendo mrefu juani bila mahali pa kujikinga. Unapopima msafara, pima njia na mahali pa kusubiri pia, siyo hema lenye kiyoyozi tu.

20. Vazi la kinga la hospitali au kiwandani juu ya hijabu?

Hapa usicheze. Vazi la kinga lisilopitisha mvuke huongezewa nyuzi 10 katika jedwali la ISO 7243 likivaliwa peke yake, 12 likivaliwa juu ya nguo, na kofia yake 1. Chini yake kiwe kitambaa kimoja chepesi na mtandio wa pamba unaokaa kichwani bila kukunjwa mara tatu. WBGT haitoshi tena. Mfunge mkanda wa mapigo (swali la 11).

21. Vipimo vimevuka kikomo. Tumwambie abadilishe vazi?

Anza na kazi: punguza mwendo, sogeza saa, weka kivuli, maji, feni, mapumziko. Hatua moja tu ya kushusha kazi kutoka ya wastani kwenda nyepesi humpa aliyezoea joto nyuzi 2 za kikomo, sawa na nusu ya nyongeza ya buibui. Kisha zungumza naye kuhusu kitambaa na tabaka la ndani, maana mara nyingi gauni la ndani ndilo linaloweza kupunguzwa bila stara kuguswa. Kama hakuna anayemwona, kwa mfano chumba cha wanawake watupu, feni na kuvua la juu wakati wa mapumziko hufanya kazi kubwa.

22. Ameanguka, anaongea mambo yasiyoeleweka. Tumvue?

Kuchanganyikiwa katika joto kali ni kiharusi cha joto hadi ithibitike vinginevyo. Joto la ndani huwa limefika nyuzi 40 hivi, lakini usisubiri kipimo, na kipimo cha sikioni kisikupe matumaini (swali la 10). Ita gari la wagonjwa na uanze kumpoza papo hapo, lengo likiwa kumshusha ndani ya dakika 30.

Vua nikabu, glavu, viatu na vazi la juu. Wanawake waliopo wamzunguke kwa kanga au shuka. Dharura huhalalisha yaliyokatazwa. Kanuni hiyo inajulikana. Kama hakuna wa kumzunguka, usipoteze dakika kutafuta: mwagie maji juu ya nguo alizobaki nazo, kichwani, shingoni na kifuani, mpepee kwa nguvu, na uendelee kumwagia kwa sababu nguo iliyolowa mara moja hupata moto haraka. Ukipata beseni kubwa la maji baridi, mtumbukize na nguo zake, kichwa kikishikiliwa juu. Asiyejitambua asinyweshwe kitu, na dawa za homa hazisaidii hapa.

Andika saa uliyoanza kumwagia maji. Hospitali watakuuliza.